Kamba ya Kugawia Ngwe

Kambi ya wakata miwa, Kilombero
14 Septemba 2025

Mama Lydia,

Leo ni miezi mitatu na siku tano tangu nitoke Mpui. Mimi mzima, ila mgongo unauma na majivu ya miwa yamenikaa kifuani. Lydia hajambo? Mama goti lake linaendeleaje? Simu yangu iliingia maji ikafa, ndiyo maana barua nampa Stanley. Lori lake linapita hapo akifuata mahindi.

Huyo Stanley ananiambia kila Jumamosi unapanda gari kwenda Sumbawanga, eti mafunzo ya hesabu. Mke wangu, umefundisha hesabu miaka minane. Ulikuwa unafundisha nini kama bado unajifunza? Na kwa nini habari za nyumbani kwangu nizisikie kwa dereva?

Mumeo,
Baba Lydia


Mpui, 28 Septemba 2025

Baba Lydia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua upepo ukizidi, na mwezi huu upepo haupumziki. Pole na mgongo.

Hukusikia kwangu kwa sababu hupatikani. Wamechagua walimu wachache wawe viongozi wa hesabu. Tukimaliza tutawafundisha walimu wenzetu. Shuleni kwetu ni mimi, shule ya jirani ni Mwalimu Adriano. Mzee Rafaeli, aliyeanza kazi mimi nikiwa darasa la pili, ameshasema ofisini mbele ya wote: “Haka kabinti katanifundisha nini?” Siku ya mwisho ni tarehe 29 Novemba. Kila mmoja atafundisha mbele ya wakufunzi. Ukikosa siku hiyo, umeondolewa.

Nina swali. Hiyo ngwe, kipande cha shamba mnachopewa kukata, nani anaipima? Mkiwa watatu mnaigawanaje? Nieleze yote, usifiche kitu.

Mkeo,
Bertilla


Kilombero, 19 Oktoba 2025

Mama Lydia,

Salamu. Kikohozi bado.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Nani kakutuma? Kuna mtu kakwambia siko shambani? Unanihoji kama polisi.

Basi sikia. Msimamizi anapima ngwe kwa hatua zake. Sisi tunakata kamba yenye urefu wa ngwe hiyo. Tukiwa watatu naikunja sehemu tatu, navuta mpaka vipande vilingane, nafunga fundo kila mkunjo. Tukiwa wanne naikunja sehemu nne. Hapo kila mtu kipande chake kinafupika, tunashukuru.

Hiyo ndiyo hesabu yangu. Ile ya shule unajua ilivyoisha. Niliandika robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Mwalimu akanisimamisha darasa zima linicheke. Sikumaliza darasa la sita.

Umeridhika? Na huyo Adriano ana mke?

Mumeo,
Baba Lydia


Kilombero, 16 Novemba 2025

Bertilla,

Wiki nne hujajibu. Mama na Lydia natumaini wazima.

Stanley amekuona tarehe 8 nje ya kituo cha walimu Sumbawanga. Umeshika ncha moja ya kamba, mwanaume kashika nyingine, mnacheka mpaka mnainama. Ndiyo mafunzo hayo? Mama mzima unaruka kamba na wanaume barabarani?

Tarehe 29 usiende. Ukienda, nitajua umechagua.

Mumeo


Mpui, 30 Novemba 2025

Baba Lydia,

Mama anakusalimu. Lydia hajambo.

Nilikwenda.

Barua yako ya Oktoba iliniumiza, nikaificha chini ya godoro nisijibu kwa hasira. Lakini maneno ya kamba sikuweza kuyaacha. Kamba aliyoiona Stanley ni ile yetu ya kufungia magunia ya ulezi, na mafundo ni yako. Tulikuwa tunajaribu kabla ya kuwapelekea watoto. Adriano alivuta kwa nguvu, ikamponyoka, akakaa chini puu. Tulicheka, ndiyo. Ana mke, anaitwa Herieth, na ndiye aliyekuwa katikati ameshika fundo. Stanley hakumtaja?

Jana, mbele ya wakufunzi, niliwauliza watoto wa darasa la nne niliokwenda nao kutoka shuleni kwetu: robo na theluthi, ipi kubwa? Karibu wote wakasema robo. Sikumcheka hata mmoja. Nikawagawia watoto watatu ngwe kwa kamba, halafu nikaongeza wa nne. Kashinje, binti wa wafugaji ambaye huwa hafungui mdomo, akapiga kelele: “Mwalimu, hao wanne mbona wanapunjwa!”

Mzee Rafaeli, aliyetusindikiza, alikaa nyuma, mikono kifuani. Akauliza, “Hii umeitoa kitabu gani?” Nikamwambia, kwa mume wangu.

Nimefaulu. Januari naanza na walimu wa kata, na Rafaeli yumo. Wakufunzi wanataka mwenye kamba aje aonyeshe mwenyewe. Nimewajibu sijui kama bado nina mume.

Mkeo, kama bado,
Bertilla


Kilombero, 7 Desemba 2025

Mama Lydia,

Salamu kwako, kwa mama na kwa Lydia. Kikohozi kimepungua.

Nimemuuliza Stanley kuhusu huyo Herieth. Kasema jua lilimpiga machoni. Mwezi uliopita jua halikumpiga.

Maneno ya Kashinje nimewasomea wenzangu, wamecheka. Mimi nilitoka nje kidogo. Miaka ishirini na mbili nimekunja kamba hii, sikujua kwamba ndiyo ile robo.

Ile kamba ya magunia usiitumie tena, inavutika, mafundo yatakudanganya. Nakuja na yangu. Adriano umwambie aje, na mkewe aje. Nataka kuwaona wote wawili kwa macho yangu.

Ukataji unafungwa tarehe 19. Nitapanda basi, lori la Stanley sipandi. Natarajia kushuka Mpui Jumapili, tarehe 21.

Mumeo,
Baba Lydia