Mikono Kumi na Mitano

Mdogo wangu Nosrat,

Salamu nyingi kutoka mtaa wa pili. Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Goti lako linaendeleaje? Langu limenuna tangu baridi iingie Kashan, ila ulimi ni mzima. Jua basi kwamba kaka yako, aliyetoroka shule darasa la tano, sasa anafundisha hisabati sekondari ya wasichana.

Haya, usipaliwe na chai. Anayefundisha ni binti yangu Mahrokh. Mimi nilimpelekea chakula alichokisahau, akanivuta darasani niwe mfano. Hisabati yake ni ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, na nani kaungana na nani. Akataka niwaeleze tulivyopeana mikono sikukuu ya Nowruz. Nikajitapa kwamba tulikuwa wazee watano, na kila mmoja aliwapa mkono watatu tu, maana wengine tumenuniana. Binti mmoja wa nyuma akadakia: "Babu, unatupiga kamba! Hiyo ni mikono kumi na mitano, na kila salamu inataka miwili. Mmoja uliobaki mlimpa nani, samovari la chai?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikakosa pa kuficha ndevu.

Lakini ndugu yangu, darasa hilo linakufa. Wazazi wanahamishia mabinti kwenye biolojia, wote wawe madaktari. Mahrokh kabembeleza nyumba kwa nyumba. Anajibiwa kwamba mhandisi wa jirani, na hisabati zake zote, anaendesha teksi. Wamebaki saba. Ofisi ya elimu imesema wasipotimia wanane kufikia Jumamosi, darasa linafungwa. Mwanangu hali wala halali usingizi. Anasugua sahani moja mpaka nahofia itatoboka. Nami nimeishiwa mizaha, Nosrat. Unajua kwangu hiyo ni sawa na kuishiwa pumzi.

Sasa kaa chini. Yule wa samovari ni mjukuu wako Parnian, uliyemhamishia biolojia mwenyewe. Kila ukiambiwa yuko kwangu ananichambulia mboga, yuko kule nyuma darasani, hata jina lake haliitwi. Mwongo ni mimi, yeye usimguse. Ameniambia akiona damu anazimia, na anaogopa kukwambia.

Msalimie sana shemeji Effat. Halafu kumbuka njiwa wa baba uliyemwachia akaruka, fimbo nikala mimi. Sijawahi kukudai. Leo nadai: kesho pita shuleni, umsainie mtoto arudi.

Ni mimi kaka yako,
Yadollah