Benchi Langu Kanisani Kwenu

Mdogo wangu mpendwa,

Natangaza rasmi: kaka yako, fundi seremala, amenunua miwani. Wifi yako anasema sasa nitayaona makosa yangu.

Upepo uling'oa paa la kanisa letu, na watu wa kanisa lenu, lile ulilohamia ulipoolewa, wakatukaribisha kwenye tawi lao la hapa kwetu. Nilikwenda na benchi langu begani, nisikalie la kwao. Bibi mmoja wa kwenu akasema, "Sogea, fundi, hilo linatutosha wawili." Akanifungulia kitabu chake. Nyimbo ni zilezile.

Nilikwambia homa ndiyo iliyonizuia kuja harusini kwako. Sikuwa na homa. Nilikataa kukanyaga kanisa lenu. Nisamehe. Jumapili hiyo niliimba mpaka sauti ikakauka, na benchi nimeliacha hukohuko.

Kaka yako