Nitairudisha Jumapili

Jumamosi, 12 Aprili 1997

Muuza nyama amenikatia soseji leo huku ameregeza taya, macho nusu, sauti ikiburuta kama gunia: "Nitaaa… iruuudisha… Jumapili." Duka zima likacheka. Mama mmoja mwenye kikapu akasema siyo hivyo, Mjomba Merv anavuta zaidi kwenye "ru". Wakabishana! Mimi niliyeiandika sentensi hiyo nimesimama na soseji zangu kama mgeni kwenye msiba wa watu.

Wiki ya tatu na kumbi bado zinajaa. Filamu ya Mjomba Merv, mtu aliyeazima trela ya jirani, ile ya kukokotwa na gari, akakaa nayo miaka kumi na tisa! Tulipoipeleka mjini waliuliza, kisa kiko wapi? Ni mtayarishaji wetu, Marchetti, tu aliyeelewa. Akatafuta fedha, akasimamia kila kitu. Alisema baba yake pia ana trela ya mtu.

Gazeti la leo linatuita "wapaka rangi wawili wa Preston waliogundua kipaji." Hatukugundua kitu. Tulichoka kunyamaza. Mimi naanza ukuta upande huu, Gil Tranter upande ule, tunatupiana mizaha mpaka tukutane katikati. Mzaha unaofika katikati ukiwa hai ndio tunaouandika. Basi. Hadi leo tukikaa mezani hatutoi hata neno. Ndiyo maana uzio wa nyumba ya Gil umepakwa rangi mara nyingi kuliko Daraja la Sydney, ambalo kupakwa kwake hakuishi.

Picha gazetini: Gil, maana ndiye Mjomba Merv kwenye filamu, amevaa kofia yake. Mimi ni kiwiko upande wa kushoto.


Jumatano, 16 Aprili

Marchetti anataka filamu ya pili. Kwa hiyo: uzio. Kijani safari hii.

Hatukukutana katikati. Tulikutana karibu kabisa na sanduku la barua, upande wake. Mimi nimemaliza uzio karibu wote, yeye mbao chache, na zenyewe rangi imetiririka kama mtoto aliyelia.

Nikamwambia, "Zuzu wewe, marehemu bibi yangu angeshafika getini, akarudi kuchemsha chai."

Nikasubiri. Zamu yake. Bibi yangu ni mzaha wa bure, hata mtoto angeudaka.

Akasema, "Samahani, Noel. Nimechoka kidogo."

Samahani! Gil hajawahi kuniomba samahani, hata siku ile alipoondoa ngazi nikiwa bado juu yake. Kwetu mtu akikutukana jua mko salama. Akianza adabu, tafuta kilichovunjika.

Nimerudi nyumbani nikiwa sina raha. Labda ni umaarufu. Umaarufu unawatia watu adabu.


Jumapili, 20 Aprili

Chakula cha mchana kwa Gil. Kondoo wa kuoka, viazi, ule mchuzi mzito wa Glenys, mkewe. Sahani ya Gil ilikuja kutoka jikoni nyama ikiwa imeshakatwa vipande vidogo.

Nikasema, "Shemeji, na bibu lake la mtoto umelisahau?"

Nilicheka peke yangu. Glenys aliinuka akaenda kuangalia kitu kwenye oveni. Oveni ilikuwa imezimwa.


Ijumaa, 25 Aprili

Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka wanajeshi. Sijui niandikeje hii.

Asubuhi maandamano, mchana klabu ya wastaafu wa jeshi, bia, na ule mchezo wa kamari wa sarafu mbili ambao sheria inauruhusu leo tu. Duara la watu. Mrushaji anasimama katikati na kibao kidogo, juu yake sarafu mbili za zamani. Anazirusha juu ya kichwa, watu wanapigia kelele vichwa au mikia.

Mtu akamwona Gil mlangoni. "Mjomba! Mjomba arushe!" Wakamsukuma katikati. Alikataa kwa adabu. Adabu tena! Lakini klabu nzima ilikuwa inapiga meza.

Akachukua kibao. Akarusha. Sarafu hazikupaa. Ziliteleza tu, zikaangukia kiatu chake.

Halafu paa likaondoka! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Akataka kuziokota. Vidole vikazisukuma huku na huku sakafuni kama mtu anayefukuza mende. Wakazidi. Mzee mmoja wa medali alilia machozi, akasema, "Hata kuinama anainama kama Merv!"

Na mimi nilikuwa nacheka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kabla macho hayajaona. Kisha Gil akaniangalia kutoka kule chini. Hakuwa anaigiza. Namjua akiigiza, ana mkunjo fulani hapa karibu na sikio. Haukuwepo.

Nikaingia duarani. Nikapaza sauti, "Toka hapa, fala, unatuharibia siku!" Nikamshika mkono, nikamtoa. Walitupigia makofi mpaka tukafika kwenye gari.

Wachekeshaji wawili wanaopendwa kuliko wote mwaka huu.


Jumatatu, 28 Aprili

Aliniita kwenye uzio. Makopo mawili, brashi mbili. Ya kwake haikutoka koponi.

Akasema ni neva. Zile zinazoendesha misuli. Zinakufa moja moja, kama taa za mtaani. Amejua tangu Februari. Mikono, ulimi, baadaye koo, baadaye kifua. Hawana dawa.

Nikauliza walijuaje.

"Nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya bega. Kijana kijana hivi. Alikuwa ameiona filamu kwenye onyesho la majaribio. Akaniomba niseme ile ya Jumapili. Nikasema. Akacheka sana. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaacha kucheka. Akaniambia, hebu toa ulimi."

Nilibaki nimeshika brashi hewani, rangi inanichuruzikia ndani ya mkono wa shati.

Kwa hiyo ule uvivu wa ulimi! Wakati wote wa kupiga picha, majira ya baridi yaliyopita, sote tuliuona. Mjomba Merv anazidi kuwa taratibu kila wiki, anazidi kuchekesha kila wiki. Marchetti alisema ni uamuzi wa kisanii. Tukafupisha sentensi za wengine ili yeye apate nafasi ya kuburuta zake.

"Hata mimi nilidhani ni kipaji," Gil akasema. "Miezi yote ile, Noel. Nilimwambia Glenys, mama, nimekuwa mwigizaji."

Halafu akaomba jambo moja. Watu wasijue. "Wakijua hawatacheka tena. Watakaa ukumbini kama wako kanisani, wananionea huruma na popcorn zao. Acha wacheke kwanza. Ahidi, zuzu."

Nikaahidi. Kisha nikatafuta mzaha. Nilitafuta kweli. Ni kazi yangu, ndiyo kazi pekee ninayoijua ukitoa kupaka rangi. Mara ya kwanza nimefika katikati ya ukuta mikono mitupu.


Jumanne, 29 Aprili

Muuza nyama tena. "Nitaaa… iruuu…"

Nikacheka. Niliahidi.

Nyama sikununua. Nimekula mayai.


Alhamisi, 8 Mei

Marchetti kapiga simu, anapumua kama aliyepanda ngazi. Wamarekani wanaitaka! Ila hawaelewi nusu ya anayosema Merv. Wanataka Gil aingie studio arudie maneno yote, yatamkwe wazi, kisha yabandikwe juu ya picha. Asipoweza watatafuta mtu wao hukohuko.

Mtu wao! Mtu wa Texas ndani ya mdomo wa Gil!

Nikasema Gil ana mafua.

Marchetti akasema, "Mafua gani hayo tangu Pasaka? Noel, kuna nini? Mmegombana?"

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Nikasema ndiyo, tumegombana kidogo. Sasa anafikiri mimi ndiye tatizo. Ataleta keki atupatanishe, namjua.

Nikaenda kumweleza Gil. Alicheka, chai ikampalia, Glenys akampiga mgongoni mpaka ikashuka. Alipopata pumzi akasema, "Mtu wa Texas? Labda wapite juu ya maiti yangu." Akafikiri. "Waambie wasubiri kidogo basi."

Tuliicheka sana hiyo. Glenys hakucheka. Alikuwa anapangusa meza iliyokuwa imeshapanguswa.


Jumanne, 13 Mei

Studio. Marchetti alikuwepo, na keki. Fundi wa sauti anaitwa Trung, kijana mpole wa Footscray, ameiona filamu na mama yake ambaye hajui Kiingereza na bado alicheka.

Gil alivaa hedifoni. Kwenye skrini yuko Gil wa mwaka jana, anaegemea trela. Gil wa leo anatakiwa kumwekea maneno mdomoni.

Hakumfikia. Kila mara yule wa skrini anafunga mdomo, huyu bado yuko katikati ya neno. Mara kumi, zaidi. Jasho. Sentensi nyepesi, ile ya kuku. Nilimshikia karatasi kwa sababu mkono wake ulikuwa unaipeperusha na kipaza sauti kinasikia.

Trung, nyuma ya kioo, akabonyeza kitufe cha kuongea nasi, kwa heshima kabisa: "Nzuri sana, mzee Gil. Ila umezidisha kidogo. Mjomba Merv si wa taratibu hivyo."

Marchetti naye: "Punguza uigizaji, mpenzi. Kuwa wewe tu."

Gil akasema, "Nitajaribu. Asanteni."

Asanteni.

Ningevunja kile kioo. Nilichofanya nilimshushia karatasi kidogo ili aone vizuri. Hicho ndicho nilichoweza. Marchetti alituangalia, mmoja kisha mwingine, akatukatia keki. Siku ikaisha na mistari mitatu. Wamarekani wanataka jibu mwisho wa wiki ijayo.

Kwenye taa za barabara ya Bell, Gil ndipo aliposema: "Fanya wewe."

"Nini?"

"Sauti yangu. Unaijua. Umeisikiliza maisha yako yote, ulikuwa huna pa kwenda, uko juu ya ngazi."

Nikasema hapana. Nikasema nchi nzima inamwigiza, sitaki kuwa mwingine. Taa ikawa kijani, watu wakapiga honi. Mmoja akachungulia dirishani, akamwona Gil, akasahau hasira zake. "Ooo! Jumapili, Mjomba!"

Gil akainua mkono. Uliishia kifuani.


Jumamosi, 17 Mei

Nimepaka uzio peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Gil alikaa kwenye kiti cha kukunja na blanketi miguuni, akitoa mizaha. Mizuri. Inachukua muda kufika, ila mizuri. Unaisubiri kama basi, unajua inakuja.

Nilipofika getini nikageuka. Katikati ilikuwa imepita zamani bila mimi kuiona.

"Umeruka ubao mmoja," akasema.

Sikuruka. Nikarudi nikapaka ule aliouonyesha.

"Kesho basi, studio. Nitafanya mimi," nikasema.

"Kesho… Jumapili," akasema yeye. Na ule mkunjo wa karibu na sikio, ukaonekana. Mara moja tu.


Jumapili, 18 Mei

Naandikia studio, mapumziko. Trung ameenda kutafuta pai. Marchetti hayupo, tulimwambia ni Jumatatu. Trung ameambiwa kwamba nimeshindwa dau la mpira, adhabu ni kufanya kazi ya Gil. Ameamini. Kila mtu anaamini kila kitu tunachosema, mradi kichekeshe.

Asubuhi nilisimama kwenye kipaza sauti. Gil upande wa pili wa kioo, karibu na kitufe. Nikaanza. Nikaregeza taya, macho nusu.

Sauti yake ikaja kwenye hedifoni: "Hapana. Hivyo… ndivyo wanavyofanya… baa."

Nikajaribu tena.

"Huyo ni… mlevi. Mimi nimelewa?"

Tena.

"Acha kuchekesha, Noel."

Kazi yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kwa maana hiyo.

Halafu akanifundisha. Taratibu, kwa vipande, kila kipande na pumzi yake. Lala ulimi chini. Usiuinue. Uache ukae kama kitambaa kilicholowa. Sasa taka kusema. Taka sana, lakini usisukume. Neno lipo, unaliona kabisa, limesimama pale ng'ambo. Unalisubiri likufikie. Na usione haya. Hapo ndipo wote wanapokosea, akasema. Wanaona haya kwa niaba yangu.

Kwenye skrini alikuwa Gil wa mwaka jana, ameegemea trela. Nimeiangalia ile picha mara nyingi kuliko uso wangu mwenyewe. Leo ndipo nilipoona pembe ya mdomo, upande wa kushoto, imeanza kushuka.

Nikalaza ulimi. Nikasubiri. Nikasema.

Trung akaruka kitini. "Ndiye! Ndiye kabisa! Mzee Noel, huyo ndiye!"

Nikaangalia kioo. Gil alikuwa anajifuta mdomo na leso, polepole, pande zote mbili. Akatafuta kitufe. Kidole kikakosa, kikarudi. Nikasikia pumzi yake masikioni, ndefu, karibu kuliko nilivyowahi kuisikia hata tukilala gari moja njiani kwenda Mildura.

"Tena… zuzu," akasema. "Unanifanya… nionekane… na akili."

Tukaenda. Sentensi moja baada ya nyingine, ya kuku, ya mchungaji, ya tairi. Ananitukana kila mara. Matusi ya zamani, mengine sijayasikia tangu tulipopaka ile shule. Sijui kama nilifurahi. Sijui ile ni nini. Kila sentensi nikiipata sawasawa, inabaki kwangu, na yeye kule ng'ambo anatikisa kichwa, ndiyo, kama mtu anayehesabu mizigo ikipakiwa.

Imebaki moja. Ile ya Jumapili. Anataka iwe ya mwisho.

Trung amerudi na pai. Gil anaangalia yake, hajaigusa. Namwona anaisukuma kando na kuinua mkono, anagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Taa nyekundu ya kurekodi imewaka.

Nimejaribu kumjibu, nimwambie subiri, fala, namalizia mstari. Neno halikutoka. Ulimi nimeulaza chini tangu asubuhi na sasa hautaki kupanda.

Anagonga tena.