Yaqona Uliyoipokea kwa Niaba Yangu

Kaka Semesa,

Watoto hawajambo, mihogo imestawi, na mama anauliza kama ulifika Suva salama. Salamu ndizo hizo, zimeisha.

Nani alikutuma uipokee yaqona ya meneja wa kiwanda? Unajua kazi yangu kiwandani ni kuchunguza moto unavyowaka ndani ya tanuru la kuchemshia sukari. Mara tatu nilimwandikia: kifaa cha kuzima tanuru moto unapoyumba mmekifunga waya kisifanye kazi, siku moja litalipuka. Akanicheka. "Dada Vilimaina, miwa haisubiri makaratasi yako."

Likalipuka, likamuua mume wangu Josefa akiwa zamu.

Halafu meneja analeta yaqona, fungu la mizizi ya kinywaji chetu, kuomba radhi kimila, na wewe, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, unalipokea na kupiga makofi ya kukubali! Sasa kijiji kizima kinaniambia, "Yameshasamehewa hayo, nyamaza."

Fungu lake nimemrudishia mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wafanyakazi wote. Jumatatu naenda kwa wachunguzi wa ajali na nakala za barua zangu tatu. Ukitaka kupiga makofi tena, njoo upige huko, huku watoto wa Josefa wanakutazama.

Mimi dada yako, ambaye hukumuuliza,
Vilimaina