Mama Nafula Amepanda Nyuma

Malava, Kakamega
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono yenye mafuta ya gari ambayo hata sabuni ya kipande imeshindwa kuyatoa. Mimi mwanao Mwakio ni mzima, nakula nashiba, na leo nimeshindwa kabisa kutulia kitini. Hujambo lakini? Goti limepoa? Mvua imefika huko Wundanyi au bado mnatazama mawingu tu? Nina maswali mengi, ila kalamu inanivuta kwenye habari yangu, kwa hiyo nisamehe. Kama umesimama jikoni, epua hicho chungu, uketi kwanza.

Katika barua iliyopita nilikueleza juu ya Nafula, yule msichana wa hapa Malava anayesomea ualimu, kwamba nataka kumwoa. Nilikuambia pia kwamba Mzee Makokha, mwenye gereji ninayofanyia kazi, alinipelekea neno kwa mamake. Yule mama alijibu, "Nimesikia," basi. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusubiri. Nafula yuko chuoni hadi likizo, sikuwa na wa kumuuliza. Mama Nafula ni mjane, analima miwa na mahindi, na wazee wa ukoo hawawezi kukaa kuzungumza mahari kabla yeye hajasema ndiyo. Mimi hapa ni mtu wa kuja, sina mjomba wala shangazi wa kunisemea. Nilijua akikataa, nimekwisha.

Sasa huyu mama ana pikapu kuukuu ya dizeli aliyoachiwa na marehemu mumewe, na anaiendesha mwenyewe, tena kwa fujo. Juzijuzi alikuwa akipeleka mahindi kusagwa, akafika pale sokoni mbele ya gereji yetu, moshi ukaanza kutoka kwenye dashibodi. Tulikimbia kutoka gereji, tukamkuta amesharuka chini, anaupiga ule moshi kwa leso. Makokha aling'oa waya za betri, moshi ukapungua, lakini injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Dizeli za zamani ndivyo zilivyo, zikishawaka hazina haja na umeme. Watu wa sokoni wakaanza kurudi nyuma. "Hiyo gari iko na pepo!" mmoja akapiga kelele. Ilibidi Makokha aingie, atie gia, akanyage breki na kuachia klachi, ndipo ikafa.

Tuliivuta hadi nyumbani kwake, na kazi nikapewa mimi. Mama, laiti ungefungua ile boneti! Kila fundi aliyewahi kuigusa alikuwa ameongeza waya wake moja kwa moja kwenye betri. Honi ina wake, redio ya kaseti ina wake, kipaza sauti cha kanisa nacho kina wake, na hakuna aliyewahi kuondoa hata mmoja. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa kimeyeyuka, na mahali pa fyuzi moja palikuwa na msumari. Msumari, Mama! Fyuzi kazi yake ni kukatika ili gari lisiungue. Msumari haukatiki, kitakachoungua ni gari lenyewe na aliyemo ndani.

Nikasema sitaki kupachika viraka. Nikang'oa nyaya zote, nikazirundika kwenye nyasi. Mama Nafula alipotoka shambani akaona lile rundo, akashika kichwa.

"Woi! Fundi, umechinja gari yangu?"

"Nitaifufua, Mama," nikamwambia. Nikikosea hapa, nimeharibu gari na ndoa kwa mkupuo mmoja.

Basi nikaanza upya. Kutoka kwenye betri nilitoa waya mmoja mnene, nikaupitisha kwenye fyuzi kubwa, ukafika kwenye kipande cha shaba nilichokifunga juu ya ubao. Hapo ndipo kila kitu kikachukua umeme wake, taa, honi, redio, na zile plagi za kupasha injini joto asubuhi, kila kimoja na fyuzi yake. Nilikwangua kutu kwenye bodi hadi chuma kikang'aa, nikafunga upya waya zinazorudisha umeme kwenye betri. Kazi ilikuwa tamu, Mama. Nilikuwa nalala naiota.

Siku zote hizo Mama Nafula alinitunza. Asubuhi alikuja kunisalimia kwa mkono, akashika vizuri na kutikisa. Saa ya chai aliniletea kikombe mwenyewe, akavuta kigoda karibu nami.

"Huko kwenu mnakulanga obusuma?" akaniuliza siku moja.

Nikamwambia ugali tunakula, ila nikamsifia kimanga chako cha mihogo na maharagwe hadi akataka kujua unavyokiponda. Tulizungumza juu ya miwa, kanisa, hata juu ya marehemu, lakini juu ya Nafula hakutia neno. Mimi kila akinishika mkono nilijipa moyo kwamba mambo yanaelekea vizuri.

Jana nikamaliza. Makokha alikuja kukagua, nikamwita Mama Nafula awashe mwenyewe. Akageuza ufunguo, taa ndogo ya dashibodi ikawaka, akangoja plagi zipate joto kama nilivyomwelekeza, kisha akamalizia kuugeuza. Mama, iliitika mara moja! Taa zikawaka, honi ikalia hadi kuku wakatawanyika. Makokha akacheza pale pale. Nikafuta mkono kwenye suruali, nikamwendea Mama Nafula nimpongeze.

Akarudi nyuma. Akavuta leso kichwani, akageuza uso kwenye migomba, akasimama mbali nami kana kwamba nina ugonjwa wa kuambukiza.

"Makokha," akasema, "ambia huyo kijana gari imeamka vizuri. Ambia yeye nimeshukuru."

Na mimi nipo hapo hapo nasikia! Mkono wangu ukabaki hewani. Nikasema basi, alikuwa anangoja gari lipone tu, sasa jibu ndilo hili. Nikaanza kukusanya koleo na bisibisi zangu nisilie mbele za watu.

Makokha alikuwa amekaa chini anacheka hadi machozi.

"Wewe kijana, hata hujui umepewa bibi? Huku kwetu mtu hashikangi mkono ya mama ya bibi yake. Hawakaangi karibu, hawakulangi pamoja. Hiyo ni heshima. Hizo siku zingine zote ulikuwa fundi tu. Leo umekuwa mkwe!"

Mama, nilipiga yowe ambalo sijui lilitoka wapi. Kumbe kila aliponishika mkono nikafurahi, alikuwa bado hajakubali!

Ikabaki kulijaribu gari barabarani, na mwenyewe alitaka kwenda sokoni. Pikapu ina kiti kimoja kirefu mbele. Mama Nafula hakukikaribia. Alikunja leso, akakanyaga gurudumu, akapanda nyuma na magunia yake, mwenye gari! Mimi nikaendesha, Makokha kando yangu. Tulipofika sokoni wanawake wakamwona huko nyuma, wakanitazama mimi kwenye usukani, wakaelewa bila kuambiwa. Vigelegele vikaanzia kwa wauza ndizi vikaenea hadi barabara ya Webuye. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, gia zenyewe sizioni.

Kitu kimoja tu kinaniuma. Katika nchi hii ya ugenini yeye ndiye alikuwa ananiketisha na kunisikiliza kama wewe. Sasa sitakunywa naye chai tena.

Nisalimie Baba Mdogo, umwambie ajiandae kwa safari, yeye ndiye msemaji wetu. Msalimie dada yangu Wakesho na mumewe, na Bibi mzaa baba, umpigie kelele sikioni asikie vizuri kwamba mjukuu wake anaoa. Mwalimu wa kwaya naye asinisahau.

Na wewe, Mama, umetumiwa ujumbe. Tulipokuwa tunashusha magunia, Mama Nafula alisema na Makokha, uso bado ameugeuzia upande mwingine:

"Ambia yeye alete mama yake. Huyo nitasalimia na mikono mbili."

Mwanao anayekungoja,
Mwakio