Maji ya Mnavu

Mama, kamwene.

Nakuandikia kutoka Iringa, hapa maabara ninakoosha chupa na kumsaidia mkemia kupima udongo wa mashamba. Masika yamepita tangu tukuzike nyumbani Igowole. Mnavu wako nyuma ya jiko umeota wenyewe, tena kwa fujo, na Baba anauchuma. Hapo ndipo kichwa changu kinapovurugika.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, ukinifinya sikio nikitaka kuonja? "Machungu hayo, achana nayo." Halafu tumbo lilipoanza kukuuma, ukayanywa maji yale yale. Ulisema yanatuliza. Hospitali walisema ni uvimbe, hauna dawa. Ukayanywa mpaka mwisho.

Basi nikaleta majani huku. Mkemia wetu, mzungu mpole anayesahau kula, akakubali tuyapime. Tuliyachemsha, tukadondosha kwenye karatasi tone la yale maji na tone la mboga yenyewe iliyochemshwa na kupondwa, tukaitundika karatasi ndani ya chupa, ncha yake ikigusa spiriti. Madoa yakapanda polepole. Alipoipulizia dawa ya kupimia, doa la mboga halikuonekana vizuri. La maji likawaka rangi ya chungwa.

"Sumu," akasema. Kisha akagusa doa jingine, hafifu, hapo juu. "Hili silijui. Labda ndilo lililomtuliza."

Mama, hiyo labda niifanye nini? Maji yalikuua, au yalikupa nafuu? Nilimuuliza. Akasema karatasi haiwezi kujua hilo. Nikakasirika, nikatoka nje, nikalia.

Maana Baba naye tumbo linamsumbua sasa, na anayanywa. Nilipokwenda nyumbani nilimweleza ya ile karatasi, nikamwambia aache. Akanitazama kama mgeni. "Mama yako alikuwa akinywa anapata usingizi. Wewe na karatasi yako, usingizi wake mliuona?"

Mimi nilikuwa mjini, Mama. Yeye ndiye aliyekuwa amekushika.

Hata hivyo niliyamwaga maji yake, sufuria nzima, pale mlangoni. Akachukua kikombe chake kitupu, akaenda kukaa kaburini kwako.

Nakuahidi nitamleta Iringa kwa lori la chai, hospitali wamtazame, hata akininunia njia nzima. Mnavu nitampikia mimi, na maji nitayamwaga. Lakini sijui, Mama. Kweli sijui. Huenda ninamwaga kitu cha mwisho kilichokutuliza, naye ananiangalia nikikimwaga.

Lala salama.

Mwanao