Pumzi ya Ubeti wa Tatu

Mama Wawira,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya wakilinganisha hedifoni mbili ni kuziacha zipige kwa sauti zisizolingana. Ile yenye sauti kubwa zaidi, hata kwa kiasi kidogo tu, sikio huiona ndiyo bora, na mtu akaondoka akijisifu kwamba amechagua. Kwanza zisawazishe, ndipo uhukumu. Najua hapo ungeshika kiuno na kusema, "Mwalimu ameanza!" Nimeanza, mama. Sina mwingine wa kumwanzia.

Hedifoni mpya aliniletea Wawira alipokuja kutoka Meru, mwezi wa pili baada ya mazishi yako. Ni za kufungwa. Acha nikueleze, maana zile za zamani ulizizoea ukadhani zote ziko hivyo. Zile zina wavu upande wa nje wa kila sikio, kwa hiyo sauti hupita: ya muziki hutoka ikasikika chumbani, na ya chumbani huingia. Hizi zina kikombe kigumu kinachofunika sikio lote. Hakitoki kitu, hakiingii kitu. Binti yetu alisema, "Baba, hizi zitakutuliza. Hutasikia hata boda boda za hapa mtaani Majimbo." Ni kweli, sizisikii. Sisikii hata mlango. Juzi jirani aliniletea githeri, akabisha mpaka akachoka, akaiacha kizingitini. Nilipofungua ilikuwa imepoa.

Zile za wazi zilikuwa zetu sote wawili. Mimi nikiwa mezani nasafisha rekodi za kwaya, wewe ukiwa hapo na uteo wako ukichambua ndengu, ulisikia kile kisauti chembamba kilichovuja, na kwa hicho tu ulimjua mkosaji. "Huyo wa sauti ya tatu amechelewa tena. Kwani alikuwa anamwangalia nani?" Nami ndani ya muziki nilisikia ndengu zikidondoka kwenye sufuria, nikasikia, "Chai inapoa, Baba Wawira," nikajibu bila kuzivua.

Jumapili hii ni ibada yako ya kumbukumbu. Mwaka umetimia. Kwaya imeomba ichezwe ile rekodi uliyoongoza kule Siakago, Mbeere, siku tulipoalikwa kufungua kanisa lao jipya la mabati. Wewe uliimba beti, wenzako wakaitikia. Nilirekodi mwenyewe, kinasa sauti kikiwa juu ya kiti cha plastiki. Ulipokuwa hai niliisikiliza mara nyingi. Ulipoondoka, sikuweza. Lakini anayetaka kujaribu hedifoni hutumia wimbo anaoujua kuliko nyimbo zote, na mimi sina ninaoujua kuliko huo.

Basi Jumanne asubuhi nikasawazisha sauti, nikaanza na hizi za kufungwa. Besi ni nzito, imevimba kidogo, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya tangi la maji. Kwaya haijasimama mbele yangu kama ilivyozoea. Imebanana ndani ya kichwa changu. Lakini wewe uko karibu mno. Nilisikia midomo yako ikifunguka. Halafu ukafika ubeti wa tatu, na katikati ya mstari, mahali ambapo hujawahi kukata, ukakata. Ukavuta pumzi fupi, na nyingine juu yake, kama mtu aliyemaliza kupanda kilima na ndoo. Kisha ukaendelea.

Sikuwahi kuisikia pumzi hiyo. Nikajiambia ni kasoro ya hedifoni, kwamba vikombe vya kufungwa vimekuza kitu kidogo. Lakini mwalimu wa fizikia hakubali jambo kwa jaribio moja. Nikavaa zile za zamani, sauti ileile, ubeti uleule. Ilikuwepo. Wazi kabisa.

Nilibaki nazo masikioni baada ya wimbo kwisha, nikitafuta tofauti iko wapi. Hakuna sufuria. Hakuna uteo. Redio ya jikoni sijaiwasha tangu ulipoizima. Hedifoni hazikuwa zimenificha kitu, mama. Ni nyumba. Kelele zako mwenyewe ndizo zilizoifunika pumzi yako, na sasa kumenyamaza, naisikia.

Siku ile tukirudi nyumbani Embu nilikuuliza, "Umechoka?" Ukanijibu, "Joto la Mbeere hilo. Mimi ni mtu wa Meru, mtu wa baridi, kwani hujui ulikonitoa?" Nikacheka. Nikakubali. Miezi saba baadaye daktari alituonyesha picha ya moyo wako, jinsi ulivyopanuka, akasema ugonjwa huo wakati mwingine hutembea katika ukoo, kwa hiyo mtoto wetu naye apimwe. Wawira alisema, "Nitaenda nikipata nafasi, Baba." Mpaka leo hajaipata. Nami sikumsukuma. Unanijua. Nimefundisha maisha yangu yote nikiamini kwamba mtu akielezwa vizuri ataenda mwenyewe.

Jana nilimpigia simu nikamweleza kuhusu pumzi. Akasema, "Si uitoe tu, Baba? Kompyuta si inaweza? Watu wamkumbuke Mama akiwa mzima." Nikamuuliza kuhusu hospitali. Akasema wako na kazi nyingi ofisini, labda mwezi ujao.

Nikaitoa. Ni kazi ya dakika chache: unakata, unaunganisha, unalainisha mshono. Nikasikiliza kwa hedifoni zote mbili, na mshono hausikiki. Huyo aliyebaki anaimba vizuri kukushinda, na simjui. Nilijaribu kumsikiliza mpaka mwisho, nikashindwa. Nikairudisha pumzi mahali pake.

Hapo ndipo nilipokasirika, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Wewe sikukukasirikia. Ulinidanganya kidogo kuhusu joto, na mimi nilipenda kudanganywa. Nilikasirikia huu upole wangu ambao watu huusifu. Wewe ulikuwa unasema, "Baba Wawira, wewe unaweza kumweleza mtu moto ni nini huku nyumba yake inaungua." Nilidhani ni mzaha.

Natamani ungekuwa hapo ng'ambo ya meza uniambie kama ninakosea. Nimeuliza kwa sauti. Nimevua hedifoni zote, za wazi na za kufungwa, nikangoja jibu kama mjinga.

Lala salama, mama. Jumapili kanisa zima litakusikia kama ulivyokuwa, pamoja na pale ulipokata. Nami nakuahidi hili: sitangoja tena mtu wangu apate nafasi. Nikimaliza mstari huu nampelekea binti yetu rekodi nzima, haijaguswa, na chini yake maneno machache yasiyo na maelezo, ambayo ungeshangaa yametoka kwangu:

Wawira, nenda ukapimwe moyo leo.